Shahada ya Kiingereza na Kazi ya Uchapishaji

Swali: Je, mhitimu wa shahada ya Kiingereza aishiye Makambako anaweza kuingia katika uchapishaji wa vitabu?

Jibu: Anaweza, ila kwanza atofautishe mpiga chapa, anayeendesha mitambo, na mchapishaji, anayechagua mswada, kuugharimia, kuuhariri na kuuza kitabu. Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam, ambako Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya ikaanza mwaka 1991. Kwa kuwa vitabu vya kiada huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, mchapishaji binafsi hutegemea zaidi vitabu vya ziada na hadithi, ambavyo vingi ni vya Kiswahili. Kwa hiyo shahada ya Kiingereza pekee haitoshi, na anayetaka kuajirika hana budi kuhariri lugha zote mbili kwa ustadi. Njia bora, hata kwa aliyeko Makambako, ni kuanza na prufu, yaani kurasa za majaribio, akizilinganisha na mswada mstari kwa mstari, akihakiki namba za kurasa na maelezo ya picha, kisha kuzirejesha kwa baruapepe kabla ya siku iliyopangwa.