Msimu wa Baridi: Pimbi, Nyuki na Jiko la Makaa

Mwezi wa Juni ukiingia, wakaazi wa Kaaga huamka wakikuta ukungu umefunika Msitu wa Imenti. Wakati huo jua liko kaskazini mwa ikweta, na upepo wa kusini-mashariki huleta hewa baridi yenye unyevu kutoka Bahari Hindi. Hewa hiyo ikipanda miteremko ya Mlima Kenya hugeuka kuwa mawingu mazito na manyunyu. Hali hii hudumu hadi Agosti.

Kila kiumbe kina namna yake ya kujikinga. Juu kabisa mlimani, ambako usiku maji huganda mwaka mzima, mmea mkubwa wa lobelia hukunja majani yake jioni ili kufunika chipukizi lililo katikati. Pimbi wa huko ana manyoya marefu na mazito. Hulala amebanana na wenzake katika mianya ya miamba, na asubuhi huota jua kwanza kabla ya kwenda malishoni. Huku chini, nyuki hujikusanya juu ya majana na kutetemesha misuli ya mabawa hadi joto lifike karibu digrii 35. Kazi hiyo hula asali nyingi, kwa hiyo mfugaji anayerina kabla ya baridi awaachie masega ya kutosha.

Viumbe hawa wote hujikinga bila kuwasha moto. Binadamu ndiye anayeingiza moto nyumbani.

Kuni hupangwa mahali pakavu mapema, na gunia la makaa hununuliwa. Nyumba za zamani za kuezekwa kwa nyasi zilipitisha moshi paani. Nyumba ya mawe yenye dari na madirisha ya vioo haipitishi kitu. Moshi wa kuni angalau humfukuza mtu nje. Makaa yaliyokolea hayana moshi, ndiyo maana wengi huyaamini kimakosa. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hii hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala huenda asiamke.

Jiko liwashwe nje, na lisiingizwe kamwe chumba cha kulala, hata makaa yakionekana kufifia. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi kuondoa hatari. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakihisi kizunguzungu au kichefuchefu kwa pamoja, watoke nje mara moja na wapelekwe hospitalini. Mtoto mchanga apashwe joto kwa kofia, soksi na kifua cha mama yake.

Ndama naye apewe nyasi kavu za kulalia, na zizi likingwe upande unaovuma upepo tu. Likizibwa kote, hewa kali ya mkojo itamdhuru mapafu.