KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: KIFO CHA KAMBA

Huku kwetu Mbaraki mdogo wangu alifuga kamba wadogo wa maji matamu katika tangi la kioo. Asubuhi moja tuliwakuta wote wamekufa. Bibi akasema ati ni kijicho. Mtoto akalia.

Hebu tupeleleze. Je, usiku ule kilibadilika nini? Mama alipuliza dawa ya mbu chumbani! Kamba hana uti wa mgongo; ana gamba na miguu yenye viungo, kama mbu. Wao ni jamaa. Dawa nyingi za mbu zina sumu ya pareto, ua linalolimwa hapa Kenya, au kemikali zinazoiiga. Sumu hiyo huvuruga mishipa ya fahamu ya mbu na ya kamba vilevile.

Washukiwa wengine ni hawa:
1. Klorini ya maji ya mfereji.
2. Shaba iliyomo katika baadhi ya dawa za samaki.
3. Chakula kilichooza, ambacho hutoa amonia.

Basi ndugu msomaji, usipulize dawa penye tangi. Wakifa, usikimbilie kulaumu jirani. Jiulize kwanza: jana tulifanya nini kipya?