Lipa madeni ya gari kabla ya kuliinua

Toyota Land Cruiser Prado ya toleo la 120 ilitengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2009, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imekwisha vuka miaka 15. Familia nyingi za Tanzania na Kenya hulitamani gari hili kwa safari za shamba, kijijini na mbugani, na likishapatikana kwa mkono wa pili au wa tatu, mwenyewe hukimbilia kuliinua, kulivisha matairi makubwa, kulifunga ngao ya chuma mbele na keria juu. Ninapinga mpangilio huo. Gari la namna hii halina haja ya kuongezewa uwezo kabla halijarudishiwa ule liliotoka nao kiwandani. Lina madeni: raba zilizokauka, mafuta yasiyobadilishwa, boli jointi zinazocheza. Na kila unachokiongeza ni mkopo mwingine, kwa kuwa uzito wake au urefu wake utabebwa na kifaa ambacho tayari kimechoka. Anayekopa juu ya deni bovu ndiye ninayemtarajia kukwama, hata gari lake likiwa la kutisha kiasi gani kwa macho.

Fikiria kwanza kile ambacho kiwanda kilikwisha kukupa. Prado 120 huendeshwa kwa magurudumu yote manne wakati wote, ina difu ya katikati inayoweza kufungwa, ina gia nzito za kupandia mlima na kutokea topeni, na nyuma ina ekseli nzima yenye springi za koili, imara na rahisi kutengeneza. Likiwa zima na limevaa matairi yanayofaa, gari hilo litakufikisha Mloka ukitokea Kibiti, litapanda kutoka Lushoto hadi Mtae, na litateremka hadi Ziwa Natron. Linalolizuia kwa kawaida ni kuchoka. Mfano mzuri ni hiyo difu ya katikati. Mota ndogo inayoifunga huganda isipotumiwa, na magari mengi ya mjini hupita miaka bila mtu kugusa kitufe chake. Siku ya tope unabonyeza, taa inawaka na kuzima, na hakuna kinachofungika. Dawa haigharimu kitu: angalau mara moja kwa mwezi, kwenye barabara ya vumbi na si juu ya lami kavu, ingiza gia nzito, funga difu, tembea mita mia kadhaa, kisha fungua.

Ukaguzi naanzia chini, gari likiwa limesimama juu ya stendi imara na si jeki peke yake. Shika tairi la mbele kwa juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi au boli jointi imekwisha. Litikise tena kwa kulia na kushoto, hapo unaipima tairodi. Tia mtaimbo kati ya mkono wa chini na chasisi uusukume taratibu, uone kama bushi imepasuka au imeachana na chuma chake. Kwa mwenye Prado 90, ile iliyotangulia kati ya 1996 na 2002, hapa pana jambo la uhai: boli jointi yake ya chini imekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta badala ya kuikandamiza, hivyo ikichoka huchomoka na gurudumu hulala. Halafu gonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Magari yaliyoishi kaskazini mwa Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi ya kuyeyusha theluji, huweza kuwa na bodi inayong'aa juu na chasisi inayomomonyoka chini. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu.

Mafuta ni deni jepesi kulipa na zito kulisahau. Kama historia ya gari huijui, badilisha yote: ya injini, ya giaboksi, ya transfa, na ya difu zote mbili. Kwa injini ya dizeli ya lita 3.0 iitwayo 1KD, uliza pia kuhusu washa za nozeli. Zikivujisha, masizi huingia kwenye oili, huziba chujio la chini ya pampu, na injini hukosa oili huku kijiti cha kupimia kikionyesha imejaa. Injini hiyo hutumia mkanda wa taimingi, usioonya kabla ya kukatika. Ile ya petroli ya lita 2.7 hutumia cheni.

Sasa mfumo wa kupoza injini, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo magari mengi ya familia yanapofia. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 92 hivi badala ya 100. Injini nayo hufanya kazi karibu kabisa na kiwango hicho. Kinachoiokoa ni vitu viwili vidogo: kifuniko cha rejeta chenye springi inayoshikilia shinikizo, na kulanti halisi, ambayo hupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Kifuniko kikilegea na rejeta ikijazwa maji ya bomba, gari lililojaa watu na mizigo likipanda kwa gia ndogo huchemsha, na ile injini ya 1KZ ya Prado 90, yenye silinda hedi ya alumini, hulipa kwa hedi kupasuka. Pima pia feni: injini ikiwa moto na imezimwa, izungushe kwa mkono, ikizunguka kama pia bila kukaza, klachi yake imekwisha.

Najua litakalosemwa: mbona magari chungu nzima yametolewa thamostati, ile vali ya joto ya mfumo huu huu, na yanatembea salama? Yanatembea, naam, lakini usalama huo ni wa kuazima. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na silinda zake husagika haraka. Katika baadhi ya injini, thamostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji; ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari huzidi kupata moto. Hata pale ambapo kuitoa kunapunguza joto, kinachofichwa ni rejeta iliyoziba. Safisha au badilisha rejeta, rudisha thamostati, na mshale wa joto utakuambia ukweli tena.

Pingamizi la bei nalichukulia kwa uzito, kwa sababu spea halisi ni ghali na ada ya shule haisubiri. Hata hivyo si kila spea inadai uhalisi. Raba za matope, vioo, taa za nyuma, hata bushi za stabilaiza, nunua za bei nafuu bila hofu. Boli jointi, tairodi, pedi na mipira ya breki, mkanda wa taimingi na kifuniko cha rejeta, hapana. Kipimo changu ni kimoja: kifaa hiki kikivunjika kilomita 80 kutoka barabara kuu, je, nitapata usumbufu au nitapata msiba? Pesa ya ngao moja ya chuma mara nyingi inatosha kulipia sehemu kubwa ya orodha hiyo ya pili.

Madeni yakishalipwa, mkopo wa kwanza unaostahili ni matairi. Matairi ya kawaida ya Prado 120 ya rimu 17 ni 265/65, yenye kipenyo cha milimita 776. Ukivaa 265/70 kipenyo kinakuwa 803, na gari zima, pamoja na difu, linapanda milimita 13. Ni kidogo, lakini tafadhali kumbuka neno hilo, difu, kwa sababu tutalirudia. Gharama yake ni kwamba spidomita ikisoma 100 unakwenda 103 na zaidi kidogo, na injini na breki zinapata kazi ya ziada. Zaidi ya hapo ndipo tairi huanza kukwangua raba za matope na kudai mambo mengine. Kwa familia inayotembea lami siku nyingi na vumbi siku chache, chagua tairi la mchanganyiko badala ya lile la vipande vikubwa vya matope, ambalo hupiga kelele na kushika vibaya lami iliyoloa. Soma pia tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno mazuri na raba iliyozeeka ni deni jipya umelinunua mwenyewe.

Upepo wenyewe ni rekebisho la bure, na naona ajabu wachache wanavyolitumia. Barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati la mgongo inapitika vizuri zaidi kwa psi 25 hivi. Mchanga mzito unataka 15 hadi 18, mwendo wa pole, bila kukata kona kwa ghafla tairi lisije likatoka kwenye rimu. Unachohitaji ni kipimo kizuri na kompresa ya kuchomeka kwenye betri, ili ujaze upya kabla ya kurudi kwenye lami. Bila kompresa usishushe, kwani tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hupata moto na kupasuka.

Tuje kwenye kuinua. Wanaotetea wana hoja: gari lililoinuliwa hupata pembe nzuri ya kuingia na kutoka korongoni, na tumbo lake halikwaruzi. Nakubali. Lakini Prado ina ekseli nzima nyuma, na springi ndefu huinua bodi tu. Difu inabaki pale pale ilipokuwa, na jiwe lililokuwa likiigonga litaendelea kuigonga. Ni tairi peke yake linaloipandisha. Mbele, kuinua kunazipa sivi jointi pembe kali, buti zake huchanika, vumbi huingia grisi ikitoka. Kwa hiyo sentimita 5 ndizo ninazoziona kuwa mwisho, na hizo ziwekwe siku ambayo springi na shokomzoba zilikuwa zinahitaji kubadilishwa hata hivyo, kisha gari lipelekwe kupimwa alaimenti. Vipande vya kusukumia springi zilizochoka vinainua gari bila kurudisha nguvu yake.

Uzito nao una hesabu yake. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350 kabla ya begi la kwanza. Maji lita 40 ni kilo 40. Ngao ya chuma pamoja na winchi hufika kilo 80 kwa urahisi, yote ikining'inia mbele ya ekseli ya mbele, na kila kilo unayopandisha kwenye keria inavuta gari kulala kwenye kona. Familia inayosafiri na gari jingine haihitaji winchi. Inahitaji kamba nzuri ya kuvutia na ndoano zilizofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Kamwe usivute gari lililokwama kwa kibonge cha kuvutia tela: kikikatika huruka kwa nguvu ya kuua.

Rekebisho ninalolipenda kuliko yote halionekani kabisa. Difu ina kitundu cha kupumulia. Ikiwa imepata moto kisha ukaiingiza mtoni, hewa ya ndani husinyaa, na kitundu hicho kikiwa kimeziba, maji huvutwa kupitia sili. Unganisha bomba refu la mpira kutoka kwenye kitundu hadi juu, ndani ya chumba cha injini au nyuma ya taa, na umemaliza. Snokeli huzungumziwa sana, lakini haisaidii kitu kama difu inakunywa maji chini.

Mwenye Nissan X-Trail au RAV4 atauliza kama haya yanamhusu. Upande wa madeni, yote. Upande wa mikopo, kidogo sana: hakuna gia nzito, na giaboksi ya CVT ya X-Trail T31 ikipata joto kwenye mchanga hupunguza nguvu yenyewe ili kujilinda. Ipe mafuta sahihi ya CVT, matairi mazuri na bamba la kukinga chini ya injini, kisha uchague njia kwa busara.

Ukirudi safari, osha chini ya gari kabla ya kuosha bodi. Toa chujio la hewa ulikague, pamoja na nyumba yake, kama vumbi limepita pembeni. Kaza nati za magurudumu na bolti za kila kilichofungwa upya. Fungua kizibo cha difu ya nyuma uchovye kidole: mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, yamwagwe siku hiyo hiyo.