Afya ya Akili: Mzigo Usiobebwa na Mtu Mmoja

Mkazi anaweza kufika kwenye zahanati akilalamika kwamba hapati usingizi, kichwa kinamuuma na hana hamu ya kula. Vipimo havionyeshi malaria wala homa ya matumbo. Akiulizwa kwa utaratibu, mengine hujitokeza: karo ya mtoto haijalipwa, mkopo wa simu umepita siku yake na mahindi yamekauka shambani. Dawa ya maumivu itamsaidia kwa saa chache, lakini chanzo kitabaki palepale.

Afya ya akili hutegemea mwili na ukoo wa mtu. Hutegemea pia kipato, chakula, makao, amani nyumbani na watu walio karibu naye. Ndiyo maana msongo wa mawazo si ishara ya uvivu, laana wala imani haba.

Utafiti uliofanywa nchini unathibitisha jambo hili. Huko Rarieda, Kaunti ya Siaya, familia maskini zilipewa fedha bila masharti kati ya 2011 na 2013. Zilipolinganishwa na familia ambazo hazikupewa, zilikuwa na furaha zaidi na msongo mdogo. Utafiti mwingine uliangalia mpango wa serikali wa kusaidia mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Vijana wa nyumba zilizopokea fedha hizo walikuwa na dalili chache za sonona, hasa wavulana.

Hata hivyo, fedha peke yake hazitoshi. Nchini Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Nyanya husikiliza, kisha humsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja na hatua ya kwanza ya kulitatua. Baadaye mgonjwa hualikwa kwenye kikundi cha wenzake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Benchi la aina hiyo halihitaji jengo jipya. Chama cha akina mama, kikundi cha bodaboda, kanisa au msikiti vinaweza kufanya kazi hiyo. Mwanachama akikosa mikutano miwili mfululizo, atembelewe kabla ya kutozwa faini. Akieleza shida yake, asikilizwe bila kukatizwa, na siri yake itunzwe.

Sheria nayo imebadilika. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yanazitaka kaunti kutoa huduma hizo katika vituo vyao. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Mtu huyo anahitaji matibabu, si pingu.

Dalili kama huzuni, kukosa usingizi au kujitenga zikidumu zaidi ya wiki mbili, mhusika aende kituo cha afya kilicho karibu au amwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Ushauri hutolewa bila malipo na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kupitia nambari 1199.