Upepo Unaovuja Gerejini Hulipiwa kwa LUKU

Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, nchini Zambia, yameupa Mji wa Tunduma kazi nyingi, na mojawapo ni ya fundi wa matairi. Kando ya barabara kuu, kompresa hunguruma tangu alfajiri. Si kila mara zinapokuwa zinajaza tairi. Baadhi hunguruma kwa kuwa upepo umekwisha kutoroka njiani.

Upepo huo umenunuliwa. Tundu la milimita 1, katika mpira wenye mgandamizo wa bar 7, yaani PSI 100 hivi, hupoteza zaidi ya lita 1 ya hewa kila sekunde. Kuirudisha hewa hiyo hugharimu takribani theluthi moja ya kilowati. Kwa saa 10 za kazi ni uniti 3 na zaidi. Tundu likipanuka kufikia milimita 3, hasara huongezeka mara tisa, na kompresa nyingi ndogo haziwezi tena kulijaza tangi.

Kipimo chake hakihitaji mtaalamu. Jioni, kazi zikiisha, kompresa iachwe ijae hadi ijizime, koki za kuelekea kwenye mipira zikiwa wazi na hakuna anayetumia upepo. Kisha saa itazamwe. Ikiwa inapumzika dakika 6 na kuwaka dakika 2, basi katika kila dakika 8 mbili zinaendeshwa na uvujaji peke yake: robo ya uwezo wa mashine. Kiwango hicho si cha ajabu hata katika viwanda vikubwa duniani.

Mahali penyewe hutafutwa kwa povu la sabuni na brashi. Povu lipakwe kwenye viungio, vibano vya mipira, koki, kichwa cha kujazia na geji. Panapovuja patatoa mapovu. Kidole kisitumike kamwe, kwani hewa yenye mgandamizo mkubwa yaweza kupenya ngozi.

Kabla ya kufungua kiungio chochote, umeme uzimwe na upepo wote utolewe. Nyuzi za kiungio zisafishwe, zizungushiwe tepu nyeupe ya mafundi bomba, kisha zikazwe. Mpira uliopasuka ukatwe sehemu mbovu na kuunganishwa kwa kiungio na vibano. Kuufunga kwa kipande cha tyubu, jambo lililozoeleka mno, huficha mlio tu. Upepo huendelea kutoka.

Tangi lina hukumu yake. Hewa inapogandamizwa na kupoa huacha maji, nayo hutuama chini na kulila chuma kutoka ndani, pasipoonekana. Kwa hiyo koki ya chini ifunguliwe kila siku maji yatoke. Povu likionesha kwamba tangi lenyewe linavuja, lisichomelewe wala kuzibwa kwa gundi: chuma kinachozunguka tundu hilo kimekwisha kuwa chembamba, na tangi laweza kupasuka kwa nguvu ya kuua. Liondolewe kazini siku hiyohiyo. Valvu ya usalama nayo isizibwe hata kama inapiga kelele. Anayeizima anaondoa kinga ya mwisho.

Ukaguzi wa vyombo vya mgandamizo hufanywa na OSHA, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mmiliki anayenunua kompresa iliyokwisha kutumika aombe ukaguzi huo kabla ya kuiwasha, hasa kama tangi lina rangi mpya.