Simu Darasani: Somo kwa Walimu Watarajiwa wa Elwak

Mwalimu mtarajiwa anapotumwa kwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi hapa Elwak, Wargadud au Shimbir Fatuma, tayari huwa na mashine yenye nguvu mfukoni, nayo ni simu. Mtaala wa umilisi unamtaka aitumie teknolojia kufundishia, kwa sababu ujuzi wa kidijitali ni mmoja wa umilisi 7 wa kimsingi ambao kila mtoto wa Kenya anapaswa kuupata. Lakini ataanzia wapi ikiwa shule haina intaneti na umeme ni wa kubahatisha?

Aanze na somo, kifaa kije baadaye. Atafute mahali ambapo wanafunzi hukwama, kisha ajiulize kama kifaa kinaweza kuwakwamua hapo. Kama hakiwezi, chaki inatosha.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Watoto wengi wa Elwak huzungumza Kisomali kabla ya kukutana na Kiswahili shuleni, na Kisomali hakina sauti za p, v na z. Mtoto wa Gredi ya 2 akisoma Kiswahili, "panda" hugeuka "banda", "vua shati" huwa "fua shati", na "zana" huwa "sana". Mtoto huyo si mzembe. Sikio lake halijazoea kuzitenganisha sauti hizo, na ulimi hufuata sikio. Hata sisi watu wazima, tukiwa na haraka mbele ya maikrofoni, hutuponyoka.

Mwalimu mtarajiwa aliyezaliwa hapa anaweza kuwa na tatizo hilo hilo. Akisimama mbele ya darasa kutamka "panda", huenda watoto wakasikia "banda" kutoka kinywani mwake. Basi simu ina kazi hapa: inaleta darasani sauti ambayo haimo.

Siku moja kabla ya somo, mtafute mtu anayezitamka sauti hizo vizuri. Anaweza kuwa mwalimu mwenzako, muuguzi wa kituo cha afya, au mwanafunzi mwenzako wa chuo aliyeko Mombasa ambaye atakutumia sauti kwa WhatsApp. Mwombe atamke jozi 6 tu: panda na banda, pata na bata, vua na fua, vaa na faa, zana na sana, zaa na saa. Kila neno alitamke mara mbili, kisha anyamaze kidogo ili watoto wapate nafasi ya kurudia. Hifadhi sauti hizo ndani ya simu yenyewe. Usitegemee kuzifungua mtandaoni ukiwa darasani.

Darasani, anza na masikio. Waambie watoto wafumbe macho, wainue mkono wa kulia wakisikia "panda" na wa kushoto wakisikia "banda". Kwa dakika chache utajua nani anasikia tofauti na nani anamfuata jirani yake. Wakishazoea kusikia, waendelee kutamka. Mrekodi mtoto mmoja mmoja, kisha mchezee sauti yake ikifuatana na ile ya mfano. Watoto hucheka wakijisikia, na si vibaya. Kibaya ni darasa zima kumcheka mmoja, kwa hiyo anza kwa kujirekodi wewe mwenyewe na uwaache wakusahihishe.

Darasa likiwa na watoto 50 au zaidi, sauti ya simu haitafika nyuma. Spika ndogo ya Bluetooth husaidia. Usipokuwa nayo, wagawe: kundi la watoto 8 lije kwako kusikiliza huku wengine wakiandika sentensi zilizo ubaoni, kisha wabadilishane. Na kuna msaada mwingine usiohitaji chaji. Mwambie mtoto aweke vidole kooni, kisha avute sauti ya v, halafu f. Kwa v koo hutetemeka, kwa f limetulia. Hali ni hiyo hiyo kwa z na s.

Sababu ya kulisisitiza jambo hili tunaijua sote. Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na abiria 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizoni. Januari 2020, walimu 3 waliuawa huko Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Miongoni mwao walikuwamo waliozungumza Kiswahili tangu utotoni. Kuna madarasa yaliyobaki bila mwalimu yeyote. Simu haiwezi kuziba pengo hilo, wala tusimdanganye mtu. Lakini kijana wa Elwak anayesomea ualimu leo ndiye atakayelisimamia darasa hilo kesho, na kila kinachomsaidia kulifundisha vizuri ni cha kuthaminiwa.

Kenya imejifunza pia, kwa gharama kubwa, kwamba vifaa pekee havifundishi. Mpango wa Kitaifa wa Elimu ya Kidijitali ulioanza mwaka 2016 ulipeleka vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi za umma: vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta na kifaa cha kuhifadhia masomo. Katika shule nyingi vishikwambi viliishia kabatini. Kabla ya hapo, watafiti walikuwa wamefanya jaribio kule Kisumu mwaka 2013 kuhusu kusoma katika madarasa ya chini. Kundi moja la shule liliwapa vishikwambi maafisa wanaowatembelea na kuwashauri walimu, la pili likawapa walimu, na la tatu likawapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu. Watoto wa makundi yote walisoma vizuri kuliko wale wa shule zisizokuwa katika mpango, lakini hawakuwapita kwa kiasi cha maana wenzao waliopata vitabu, mwongozo na mafunzo ya walimu bila kifaa chochote. Njia iliyogharimu kidogo zaidi kati ya zile tatu ilikuwa ya kumpa kifaa afisa mshauri. Mpango wa Tusome uliosambazwa nchini tangu mwaka 2015 ulifuata njia hiyo.

Kwa hivyo ukikuta shuleni vishikwambi vilivyofungiwa, mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe. Washa kimoja, angalia masomo yaliyomo, na uchague moja tu linaloendana na andalio lako la wiki.

Kuhusu umeme, mji wa Elwak una mtambo wake wa dizeli na jua, na shule nyingi za vijijini hutegemea sola. Chaji asubuhi mapema au jioni. Betri za simu na vishikwambi huharibika zikichajiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 45, na chumba cha mabati kilichofungwa saa nane mchana hukaribia hapo kwa urahisi. Vumbi nalo huingia kwenye tundu la chaji. Funika kifaa kwa kitambaa.

Sauti na picha za watoto ni mali yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Zungumza na wazazi kwanza, na usitume rekodi hizo kwenye makundi ya WhatsApp, Facebook wala TikTok, hata kama mtoto ametamka vizuri ajabu. Somo likiisha, zifute.

Zile sauti za mfano, usizifute. Siku ya mwisho ya mazoezi, zinakili kwenye kadi ya kumbukumbu, itie ndani ya bahasha, uandike kwa kalamu "Gredi ya 2, sauti p, v na z", na umkabidhi mwalimu wa darasa.