Chungu Kinachokumbuka: Kuhifadhi Historia ya Familia kwa Njia ya Mapishi

Somo kwa vikundi vya akina mama, vijana, shule na kamati za amani

Katika wilaya ya Fizi, familia nyingi hazina picha za zamani wala karatasi. Nyumba zilichomwa, masanduku yakaachwa njiani. Lakini mama aliyekimbia mikono mitupu hakusahau kupika sombe. Somo hili linaonyesha jinsi kikundi kinavyoweza kuanzia kwenye chakula ili kuhifadhi kumbukumbu za familia na za kijiji, bila kuamsha ugomvi.

Kwa nini tuanzie jikoni?

Historia ni jambo zito huku kwetu. Ukiuliza katika mkutano wa Babembe, Babuyu, Banyamulenge, Bafuliiru na wengineo, "Nani alifika hapa kwanza?", mara moja watu watagawanyika, kwa sababu swali hilo ni swali la ardhi na madaraka. Ukiuliza, "Bibi yako alipika nini wakati wa mavuno, na chumvi aliipata wapi?", kila mtu ana jibu, na hakuna anayeshindwa.

Tena chakula husema ukweli ambao maneno huficha. Mawese, unga wa muhogo na samaki hutoka pwani ya ziwa na mabondeni. Ng'ombe na maziwa hutoka milimani. Kwa miaka mingi vitu hivyo vimepita katika njia zilezile na masoko yaleyale. Wafugaji walioteremsha mifugo wakati wa kiangazi walitoa kwa wakuu wa mila ada iliyoitwa itulo, kwa ajili ya malisho. Desturi hiyo imeleta mabishano, lakini inatukumbusha kwamba watu walikuwa na njia ya kupatana.

Hata muhogo wenyewe ni mgeni. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika pwani ya magharibi ya Afrika, ukasambaa hadi kwetu. Leo hakuna anayeuita mgeni.

Mfano kutoka mbali

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake Wayahudi waliofungwa katika kambi ya Theresienstadt, katika nchi ya Wacheki, waliandika mapishi ya nyumbani huku wakiwa na njaa. Mmoja wao, Mina Pächter, alifariki huko 1944. Daftari lile lilipita mikononi mwa watu mbalimbali, na 1969 likamfikia binti yake huko New York. Lilichapishwa kuwa kitabu 1996. Wanawake wale hawakuwa na unga wala siagi, ila walikataa kusahauliwa.

Sisi pia tumepita katika kambi. Vita vya 1996 viliwavusha watu wengi Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa Nyarugusu na Lugufu. Watoto waliozaliwa kambini walikua wakila mgao: unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Kuanzia 2005 meli zilirudisha familia Baraka, na 2009 kambi ya Lugufu ikafungwa. Wengine wamebaki Nyarugusu, wengine wamepelekwa Marekani na nchi nyingine. Tangu 2019 mapigano ya nyanda za juu yamehamisha familia nyingine tena. Kila safari hukata uzi kati ya bibi na mjukuu.

Hatua za kufuata

1. Chagueni chakula kimoja. Kila mshiriki amwendee mzee mmoja wa familia yake. Ombeni ruhusa kabla ya kuandika.

2. Andikeni jinsi kinavyopikwa, kwa vipimo vya mzee mwenyewe: kiganja, kopo, bakuli. Kwa mfano, sombe: majani machanga ya muhogo hutwangwa katika kinu, huchemshwa muda mrefu katika chungu kisichofunikwa, kisha hutiwa mawese, kitunguu na chumvi, na ndagala kama zipo. Andikeni pia sababu. Muhogo mchungu una sumu. Kuloweka mihogo siku kadhaa na kuianika vizuri huiondoa. Wakati wa vita na njaa watu hufupisha kazi hiyo, na hapo ugonjwa wa konzo huweza kupooza miguu. Hivyo maarifa ya bibi ni kinga ya mtoto.

3. Ulizeni maswali manne: Nani alikufundisha? Mlikuwa mnaishi wapi? Vitu vilitoka wapi, na kwa nani? Ni lini mliacha kukipika, na kwa nini? Swali la nne ndilo linalofungua historia: soko lilifungwa, njia ya mlimani ikawa ya hatari, muhogo uliugua, nyavu ziliibwa.

4. Tafuteni miaka. Wazee wengi hukumbuka matukio, si tarehe. Tumieni matukio yanayojulikana: uasi wa Simba wa 1964, kufika kwa Che Guevara upande huu wa ziwa 1965, kukimbia kwa 1996, kurudi kwa meli 2005.

5. Tenganisheni mambo matatu: niliyoyaona, niliyoyasikia kwa aliyeona, na yanayosemwa na watu. Kama wazee wawili wanapingana, andikeni yote mawili. Msilazimishe kukubaliana.

6. Pikeni pamoja. Alikeni majirani wa kabila jingine walete chakula chao. Chorani chini ramani ya njia ambazo chumvi, mawese, samaki na maziwa vilipita.

Tahadhari

Mtu akianza kulia, acheni maswali, kaeni naye. Msimsukume kusimulia vifo. Msiandike majina ya wanaoshutumiwa wala ya vikundi vyenye silaha, maana daftari likipotea linaweza kumdhuru aliyesimulia. Andikeni nakala mbili na kuziweka mahali tofauti. Msiruhusu chakula kiwe tusi: maneno kama "hao wanywa maziwa" au "hao wala muhogo" yazuiwe tangu mwanzo.

Mapishi hayatarudisha shamba lililochukuliwa, wala hayachukui nafasi ya haki. Lakini kijana anayejua kwamba bibi yake alinunua maziwa kwa watu fulani na kuwauzia mawese, ni vigumu kumwambia kwamba watu hao wamekuwa adui tangu mwanzo wa dunia.

Maswali ya kujadiliana

- Ni chakula gani cha nyumbani kwenu ambacho watoto hawakijui? Kilipotea lini?
- Katika chungu chenu, ni kitu gani kinachotoka kwa kabila jingine?
- Ni soko gani la zamani lililokutanisha watu, na lingehitaji nini ili lifunguliwe tena?
- Ni nani mzee ambaye mtamtembelea wiki hii?